Mgowe wa Kwenye Simu

Nikianza kuwataja walionifikisha hapa, wa kwanza ni mwenye dingdong. Jina lake sitaliandika, mke wangu amenikataza. Lakini pale Makambako ukiulizia ni nani aliyeng'oa kifuniko cha msumeno ili mbao zitoke haraka, mpasuaji yeyote atakuonyesha nyumba. Ina bati jekundu na geti la chuma.

Dingdong ni ile mashine ya kupasulia magogo inayokokotwa mpaka msituni kwenye mipaini. Ina injini, ina mkanda, na msumeno wa mviringo mpana kama meza ya kulia. Mmoja anasukuma gogo upande huu, mwenzake anapokea ubao upande ule. Mimi nilikuwa mpokeaji. Siku hiyo semi lilikuwa limesubiri mzigo tangu jana yake, dereva anatukana, na mwenye mashine akaja na koti lake la ngozi akasema kifuniko kinachelewesha kazi. Alikifungua mwenyewe kwa spana. Halafu akamwambia mtu wa injini, "Ongeza moto, hawa wazee wanasinzia." Hatukuwa wazee na hatukuwa tunasinzia. Gogo lilikuwa na fundo, ubao ukaruka, na mkono wangu wa kushoto ukaenda nao, kuanzia chini kidogo ya kiwiko.

Nilipona. Watu wakilitamka hilo neno wanalitamka kama vile nilipewa zawadi. Mwenye mashine alikuja hospitali na jogoo mmoja, akawaambia wauguzi kwamba nilikuwa nimelewa. Sikuwa nimeonja kitu. Wenzangu waliokuwepo walinyamaza kwa sababu bado walikuwa wanataka kazi. Siwalaumu wote, nawalaumu wawili, na wanajijua. Baadaye nikasikia kwamba msumeno ulisafishwa kwa dizeli, na semi liliondoka limejaa kabla ya giza kuingia.

Mimi niliacha shule darasa la nne. Kusoma nasoma, na kuandika ni hivi unavyoona. Kitu nilichokuwa nacho cha kumpa mtu kilikuwa nguvu, na nguvu ya mtu wa kwetu inapimwa kwenye mgowe.

Niueleze mgowe kwa asiyeujua. Huku Mahongole, na Ubenani kote, shamba likikuzidi unaita majirani. Unaandaa ulanzi, ile pombe ya utomvu wa mianzi tunayoigema masika, unapika ugali na maharage, wao wanakuja na majembe yao. Mnalima huku mnataniana mpaka shamba linaisha, kisha mnakaa mnakunywa. Hakuna anayelipwa. Zamu ya jirani ikifika, na wewe unakwenda kwake. Hakuna anayeandika na hakuna anayesahau. Mtu asiyekwenda kwenye migowe ya wenzake ni kama hayupo kijijini, hata ukimwona anapita.

Mwaka wa kwanza baada ya mkono, majirani walikuja kutulimia bila kuitwa. Mwaka wa pili walikuja wachache. Mwaka wa tatu ikawa kimya, na mimi pia sikuitwa kwao. Hakuna aliyenifukuza. Mama mmoja jirani aliniambia kwa upole kabisa, "Baba, wewe pumzika tu, tutakuita kwenye kunywa." Kwenye kunywa! Nilikwenda mara moja. Nikakaa na kikombe changu katikati ya watu wenye udongo mpaka magotini, mimi viatu vyangu safi kama vya mkaguzi. Sikurudi tena. Jembe linataka mikono miwili, sikatai. Basi mke wangu akawa analima peke yake, na ulanzi anagema yeye, kazi ambayo kwetu ni ya mwanaume.

Shemeji yangu, mdogo wake mke wangu, anakaa mapokezi kwenye gesti moja karibu na njia panda ya Makambako. Siku moja alikuja na simu yake ya zamani, ile kubwa ya kupangusa, kioo kimepasuka pembeni.

"Shemeji, kaa na hii. Nimekuwekea gemu, itakuondolea mawazo."

"Gemu na mkono mmoja?"

"Wala si mkono. Inataka kidole gumba tu."

Gemu lenyewe ni la biashara. Unapewa kiwanja na hela za uongo, unajenga viwanda, unauza sokoni kwa watu ambao nao wamekaa huko kwao na simu zao. Nilipofungua mara ya kwanza nikaonyeshwa viwanda vya kuchagua, cha unga, cha maziwa, cha viatu. Nikashuka chini mpaka nikakikuta cha mbao. Mke wangu alikuwa anachungulia begani kwangu.

"Katika vyote hivyo?" akaniuliza.

Nikabonyeza cha mbao.

Msumeno wa mle ndani unazunguka bila kelele. Kuna kimtu kimechorwa kinasukuma magogo, hakitoki jasho wala hakiangalii kinakosukumia. Kila kitu kina muda wake. Magogo yanakatwa kwa saa moja, mbao zinachukua saa tatu, meza inakula usiku mzima. Muda ukiisha kiwanda kinasimama, kinakusubiri uje ubonyeze tena, na hapo ndipo watu wanapoachana. Anayebonyeza mara tu kazi inapoisha anapata mara mbili ya yule anayekumbuka baada ya chai. Wala usiweke magogo wakati unakwenda kulala, yatakatwa saa moja, halafu kiwanda kitalala pamoja nawe mpaka asubuhi. Kazi fupi iweke ukiwa macho, ndefu iweke ukienda kitandani au kanisani. Hii si elimu. Mama yeyote anayechemsha maharage huku anafua nguo anaijua.

Tulikuwa wanne kwenye kampuni yetu. Shemeji. Mwenye duka la pembejeo kule Njombe, ambaye alizoeana na shemeji kwa kulala pale gesti akija kupokea mzigo. Mwinjilisti mmoja wa huko huko Njombe, rafiki wa mwenye duka, mtu wa maneno laini. Na mimi. Kila msimu wa gemu ukiisha, anayeongoza ukanda wetu anawekewa paa la dhahabu juu ya kiwanda chake, na haliondolewi. Kila anayepita sokoni analiona. Sisi wanne, kila mtu kivyake, tulikuwa huko chini kabisa ambako hata jina lako huwezi kuliona mpaka upanguse kioo hadi kidole kianze kuuma.

Wazo la mgowe lilikuwa langu. Niliwatumia kwa sauti, maana kuandika kunanichelewesha. Nikawaambia: msimu huu tumlimie mmoja. Watatu tumuuzie magogo na mbao zetu kwa bei ya chini kabisa ambayo gemu inaruhusu, yeye atengeneze meza na kuuza. Msimu unaofuata tumlimie mwingine, mpaka tumalize wote.

Mwenye duka alicheka kwenye simu. "Mzee, hii kitu imetengenezwa watu washindane."

"Washindane hao wengine. Sisi tulimiane."

"Hii ni injili kabisa," mwinjilisti akasema. "Mimi naafiki. Tuanze na nani?"

Tukaanza na mwenye duka kwa sababu ndiye aliyekuwa anatuungia bando. Wa pili mwinjilisti, wa tatu shemeji. Mimi nilisema niwe wa mwisho. Ni adabu tu. Aliyeleta wazo hajilimii kwanza.

Sasa kuna jambo ambalo mwenye mikono miwili hawezi kulijua. Mkono uliokatwa haulali. Unauma pale pale ulipokuwa, kwenye vidole ambavyo havipo, na unakuamsha wakati wowote unaotaka. Nilipowaambia hilo, wenzangu waliona ni bahati. Mwenye duka akasema basi mzee ndiye atulindie viwanda usiku, na wakanitumia maneno yao ya siri wote watatu. Nikawa naanzisha vyangu na vyao. Baada ya muda nikawa naanzisha na vya mchana pia, maana mwenye duka ana wateja, mwinjilisti ana misiba na mikutano, shemeji ana wageni wa gesti. Wakanibatiza Kengele. "Kengele umeamka?" "Kengele, meza zangu zimeiva?" Na mimi, niseme ukweli, nilipenda. Ilikuwa miaka hakuna mtu aliyeniuliza kama nimeamka.

Paa la mwenye duka liliwaka. Akapiga picha ya simu akaituma kwa kila mtu anayemfahamu, akasimulia alivyopambana. Msimu wa mwinjilisti tulimbeba kweli kweli, maana nusu yake alikuwa kwenye mkutano wa injili huko porini ambako mtandao haufiki, na viwanda vyake havikusimama hata mara moja. Paa lake lilipowaka alipiga haleluya mpaka spika ya simu yangu ikakwaruza. Wa shemeji ulipofika mwisho alimpigia dada yake.

"Dada! Nina paa la dhahabu!"

"Hongera," mke wangu akamjibu. "La kwetu linavuja, ukipata nafasi."

Lakini hata yeye alikuwa ameanza kubadilika. Zamani alikuwa ananiambia nimekuwa mtoto. Sasa ikawa akirudi kutoka shambani, kabla hata ya kuweka jembe chini, ananiuliza, "Zamu yako inaanza lini?" Asubuhi moja ya baridi nilipitiwa na usingizi, yeye ndiye aliyenitikisa. "Amka, mbao zimeisha." Nilikaa kitandani nikamwangalia. Sijui kama alielewa nilichokuwa naangalia.

Basi zamu yangu ikawa imefika, na hapo hapo gemu likaleta mameneja.

Meneja ni kimtu kingine, kimevaa tai. Ukimweka kiwandani, kazi ikiisha anaianzisha mwenyewe. Halali, hachelewi, haumwi mkono. Lakini hapatikani kwa zile hela za uongo, analipiwa kila mwezi kwa hela ya kweli kutoka kwenye simu. Mwenye duka akajinunulia. Akamnunulia mwinjilisti. Akamnunulia shemeji, kwa kuwa gesti inampunguzia bei ya chumba. Mimi nikasubiri. Msimu ukaanza, nikaweka kiwanda changu tayari kupokea magogo yao kwa ile bei ya kulimiana. Hayakuja. Nikaenda sokoni nikayakuta, wanauza kwa bei ya kila mtu.

Nikapanda kwenda Njombe. Nilivaa koti langu la kanisani na mkono wa koti nikauingiza mfukoni. Dukani palikuwa na wateja wanachagua mbegu, na mwinjilisti alikuwepo, amekaa juu ya mifuko ya mbolea.

"Kamwene, Kengele!" mwenye duka akasema. "Leo umepanda mpaka huku kwenye baridi?"

"Nimekuja kuhusu zamu yangu."

"Zamu gani tena, mzee?"

"Zamu. Nimekulimia wewe, nimemlimia mtumishi, nimemlimia shemeji. Bado mimi."

Akamhudumia mama mmoja kwanza, akamfungia mbegu zake, ndipo akanigeukia. "Mzee wangu, yale yalikuwa ya wakati tunabonyeza kwa mikono. Sasa hivi viwanda vinajiendesha, kila mtu anasimama mwenyewe. Nikikuuzia magogo bei ya bure, meneja wangu nimlipe nini?"

"Mimi ulinilipa nini?"

Mteja mmoja akacheka. Mwinjilisti akaangalia viatu vyake.

"Mtumishi, na wewe sema," nikamwambia.

"Tusikwaruzane kwa kitu cha mtandaoni," akasema na sauti yake ile ya mazishini. "Hili ni gemu tu, mzee wangu."

"Paa lako lilipowaka halikuwa gemu."

"Basi na wewe nunua meneja," mwenye duka akasema. "Bei yake hata si kubwa."

"Sina."

"Ndiyo hivyo basi. Teknolojia haimsubiri mtu."

Akanipa soda, na kofia ya matangazo ya mbegu. Soda nilikunywa, maana nilikuwa na kiu. Kofia niliiacha juu ya mifuko, karibu na mtumishi.

Kabla sijafika nyumbani, ujumbe wa shemeji ulikuwa umeingia. Shemeji usichukulie vibaya, tumebadilisha maneno ya siri kwa ajili ya usalama. Usalama! Misimu yote ile viwanda vyao vilikuwa chini ya kidole gumba changu na hakikupotea hata kiti kimoja. Mwenye dingdong ni mtu mbaya, lakini yeye alinisingizia ulevi akiwa amesimama mbele yangu. Huyu, ndugu wa mke wangu, alinitoa kwa maneno mawili ya simu na picha ya mikono iliyokunjwa kuomba.

Msimu wangu niliucheza peke yangu. Sikuchelewa kuanzisha kazi, na ulipoisha nilikuwa nimerudi kule chini ambako kidole kinauma. Mke wangu hakuniuliza. Aliona mwenyewe.

Mwezi wa kwanza, mvua zimekolea na magugu yamefika kwenye magoti ya mahindi, shemeji akaja na mkate na sukari. Nikajua ana shida. Alizunguka sana. Aliulizia kuku, aliulizia mvua, akasifu mahindi. Mwisho akasema mwenye duka amechoka kuwalipia mameneja, ameachia wa kwake na wa wenzake, na msimu uko pabaya, viwanda vinasimama ovyo.

"Tumekaa tumeona tulikukosea, shemeji. Turudi kama zamani. Msimu ujao tunakulimia wewe, paa liwake."

"Msimu ujao," nikasema.

"Kabisa. Naapa."

Mke wangu alikuwa anapeta maharage pale mlangoni. Hakuinua uso. Nikaangalia mikono yake, kucha zilivyoisha.

"Sitaki paa," nikamwambia shemeji. "Nataka zamu yangu ya kweli. Ninyi watatu, na majembe, mje mpalilie lile shamba la bondeni. Siku moja tu. Mkimaliza tutakaa tutakunywa, halafu mtanipa maneno yenu ya siri, nitawalindia viwanda mpaka msimu uishe."

Alicheka akidhani natania. Aliponiona sicheki, akatoka nje kupiga simu. Alirudi amechangamka. "Wamekubali. Jumamosi. Mwinjilisti amesema hata yeye alikuwa anatamani kushika jembe."

Wiki ile mke wangu aligema ulanzi kama wa harusi. Anayejua kazi hiyo anajua kwamba haina meneja. Chipukizi la mwanzi unalikata ncha, unaning'iniza mbeta, kile kipande cha mwanzi cha kukingia, na kila asubuhi na kila jioni unarudi kulichonga upya, la sivyo linakauka halikupi tena. Alikwenda asubuhi, alikwenda jioni, mvua ikimnyeshea. Akachanganya wa jana na wa leo, upate kuwa mkali kiasi bila kumwangusha mwinjilisti. Akachinja jogoo. Akaniambia, "Utakaa kichwani pa shamba uwaonyeshe mstari. Mwenye mgowe ndiye anayeonyesha mstari." Alisema hivyo akiwa ananipa mgongo. Nilikaa na maneno hayo siku nzima.

Jumamosi ukungu ulikuwa mzito. Tulisubiri nyumbani, kwa maana wageni wanakunywa chai kwanza. Chai ikapoa, ikapashwa moto, ikapoa. Nikapiga simu ya shemeji, haipokelewi. Nikapiga ya mwenye duka.

"Mzee! Umeshamwona mtu wetu?"

"Mtu gani?"

"Tumekutumia mtu. Mimi nina mzigo umeingia, mtumishi ana ubatizo, na shemeji yako wamemkatalia ruhusa. Lakini usijali, palizi yako inaisha leo leo."

Tukashuka bondeni mbio, mke wangu mbele. Ukungu ulikuwa umeanza kuinuka. Katikati ya shamba letu kulikuwa na mwanaume mzima, amevaa mabuti na bomba mgongoni, anatembea mstari kwa mstari, mkono huu unapampu na huu unanyunyiza. Alikuwa amefika tangu alfajiri. Shemeji alikuwa amemwelekeza shamba kwa simu. Alikuwa amebakiza kipande kidogo tu pale chini kwenye kijito.

"Simama!" mke wangu akapiga kelele. "Simama wewe! Unanyunyiza nini?"

Mtu yule akageuka, mpole kabisa. "Shikamoo mama. Dawa ya magugu. Ni nzuri hii, haigusi mahindi."

"Na maharage?"

Akatazama chini kwenye miguu yake. Sisi tunapanda kama wazazi wetu walivyopanda, mahindi yanakwenda na maharage katikati, na maboga pembeni. Ukipalilia kwa jembe unayaona, unayazunguka, unayainulia udongo. Maharage yalikuwa yameanza kutoa maua.

"Mimi niliambiwa shamba la mahindi," akasema. "Niliambiwa nyunyiza lote."

"Nani alikuambia?"

Akamtaja mwenye duka. Dawa ilitoka dukani kwake, bomba lilitoka dukani kwake. Sikuwa na neno na yule mtu, kwa kweli. Tukamkaribisha ulanzi, akakataa kwa adabu, ana shamba jingine la kuwahi. Akaosha mabuti kijitoni akaondoka. Ulanzi wote ule ukabaki kwenye madumu. Ulanzi haungoji mtu. Ulikolea, ukawa mkali, ukawa siki, mke wangu akaumwaga kwenye migomba.

Jioni ile kwenye simu ukaingia ujumbe wa mwenye duka. Mzee kazi imeisha? Sasa tumelipana. Chini yake yakafuata maneno ya siri, lake, la mtumishi, la shemeji, mapya yote matatu. Niliyasoma. Kidole gumba kilikuwa pale pale juu ya kioo. Nikazima simu.

Baada ya siku chache maharage yalijikunja majani kama ngumi, yakageuka rangi ya majivu, yakalala. Magugu nayo yalikufa, hilo nalikubali. Mahindi yalisimama peke yake kwenye udongo mtupu, safi, kama mahindi ya kwenye picha. Mtu akipita barabarani angesema shamba hili limetunzwa.

Tulishuka kuyang'oa. Kung'oa maharage yaliyokufa kunataka mkono mmoja, kwa hiyo siku hiyo nilifanya kazi sawa na mke wangu, mstari kwa mstari. Simu nilikuwa nimeiwasha tena, ikaanza kulia mfukoni mwa shati.

"Kiwanda chako kinaita," akasema.

"Si kiwanda. Ni mdogo wako."

"Pokea."

"Pokea wewe."

Akafuta mkono kwenye kanga akapokea. Alimsemesha kwa Kibena, taratibu, kama anavyosema na mtoto aliyevunja chungu. Hakumtukana. Alimwambia maharage yamekufa yote, ya mbegu na ya kula. Alimwambia, shemeji yako hakuomba bomba, aliomba watu. Halafu akasikiliza kwa muda mrefu, ananiangalia.

"Anasemaje?"

"Anasema viwanda vyao vimesimama." Akanirudishia simu. "Halafu analia. Anasema atakuja kesho, yeye mwenyewe, na jembe, tupande maharage mengine kabla msimu haujapita."

"Umemjibu nini?"

"Nimemwambia majembe tunayo. Alete mikono."

Kesho yake mke wangu alichemsha viazi vingi kuliko vya watu wawili, akavifunika. Mimi nikakaa kwenye kiti pale nje, ambapo unaona njia ya kutoka barabarani mpaka inapokata kwenye mipaini. Walipita watu wengi, ilikuwa siku ya soko. Jioni tulikula viazi vikiwa baridi.

Mbegu tulizipanda wenyewe, mimi nikidondosha punje kwenye mashimo aliyochimba mke wangu, tulichelewa, zikatoa kidogo. Mahindi tumekwisha kuvuna. Shemeji hajaja.